Mlango wa Mkaratusi Mbichi

Baba yangu mdogo alikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi. Hiyo ilikuwa Tanzania, kambini, wakati mimi bado ni wa kutumwa maji. Viatu alivipata kwa kubadilishana na baiskeli isiyo na tairi, na mpaka leo sijui kati ya wale wawili nani alijiona mjanja. Akaviweka juu ya kichanja, akavifunika kwa gazeti, akingoja Krismasi. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya, na mtu wa besi, kama alivyoamini yeye, hawezi kuimba peku. Sauti inaanzia chini.

Siku moja kabla ya sikukuu mvua ikanyesha, na paa letu la nyasi, katika sehemu zote za kuvuja, likachagua pale juu ya kichanja. Viatu vikajaa maji. Mtu mwenye akili angeviacha kivulini, mwaka ule akaimba peku. Baba mdogo akavipanga kwenye mafiga, moto chini. Asubuhi vilikuwa vimekauka kweli, hakuna aliyebisha. Ila vilikuwa vimegeuka vya mtoto wa darasa la kwanza, ncha zimeangalia juu kama mbuzi anayenusa. Akaingiza miguu kwa mawese na maombi. Kwaya ilipofika ubeti wa pili akaanza kuruka, mguu huu, mguu ule, machozi yanatiririka. Wazee wa kanisa wakasema Roho ameshuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Kwaya nzima ikaruka naye. Baba mdogo hakumwambia mtu ukweli, na mwaka uliofuata wakamchagua mzee wa kanisa.

Mtaniuliza viatu vinahusu nini. Nyinyi vijana mnaoanza useremala hapa Gitega mlinikuta barazani mkaniomba niandike ninayoyajua kuhusu mbao. Kuandika kwenyewe ni hivi hivi: shule nilifika darasa la tatu, tena nilifika tu, sikuingia sana. Lakini harufu ile ya ngozi iliyokaushwa kwa nguvu nilikuja kuinusa tena baada ya miaka mingi, Butihinda, juu ya tanuri la matofali. Safari ile haikuwa ngozi. Ulikuwa mlango wa bibi kizee. Tutafika. Mimi nikianza habari huwa napita njia ndefu, na nyinyi si mna simu za kupitishia muda?

Bon. Tuliporudi Burundi, nilikuta shamba letu la Itaba lina upana wa mkeka na kaka zangu wameshalala juu yake. Nikaja mjini, mtaa wa Waswahili, kwa Fundi Shabani. Watu wa kwao ni Waislamu wa mjini toka zamani, babu seremala, baba seremala, na yeye akazaliwa, nadhani, na penseli sikioni. Alinipokea kwa sababu nilikuwa na mgongo. Akili hakuuliza.

Kazi yetu ilikuwa kupasua magogo kwa msumeno wa watu wawili. Nyinyi wenye mashine hamjui hiyo. Gogo linapandishwa kwenye jukwaa la miti, mmoja anasimama juu yake, mwingine chini. Kamba inachovywa kwenye unga mweusi wa mawe ya tochi, yaani betri zilizokufa, inavutwa juu ya gogo, inapigwa: tap! Mstari huo hapo. Wa juu anaona mstari. Wa chini anaona vumbi. Shabani alikuwa wa juu, na mimi, nadhani mmeshaelewa, nilimfahamu yule mzee zaidi kwa nyayo zake kuliko kwa sura.

Huyu Shabani alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia ubao mbichi. Alikuwa anauchukua ubao, anauegemeza shavuni, anafumba macho, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ubao wenye maji ni baridi shavuni, hata jua likiwa kali. Uliokauka hauna baridi wala joto, unakaa tu kama mkono wa mtu. Fanyeni, mtaona. Ukiwa baridi alikuwa anaurudisha kwenye rundo na kukuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyeukojolea.

"We kijana," alikuwa ananiambia, "mubao mubichi iko kama mutu ametoka kuoga. Utamupima suti saa ile? Ngoja akauke, donc ndio upime."

Na akishiba, hasa siku za Idi, alikuwa anawatangazia watu wote wa karakana:

"Siku mi napiga musumari kwa mubao mubichi, kwa mulango ya mutu, siku ile ile naacha hii kazi. Naenda kuuzisha magodoro!"

Sisi tulicheka. Watu wengi husema maneno makubwa mbele ya sahani ya pilau.

Lakini nisimcheke bure, maana alikuwa na sababu. Nyarusange kulikuwa na katekista mmoja aliyekata mti wake mwenyewe na kujitengenezea mlango wiki hiyohiyo, kwa furaha ya mtu asiyenunua kitu. Kiangazi mlango ukasinyaa na kupinda, kuku wakawa wanapita pembeni bila kuuliza. Akauongezea kipande. Mvua zilipokuja ukavimba, kipande na vyote, na Jumapili moja katekista akashindwa kutoka. Waumini wanaimba wimbo wa kuingilia, yeye anapiga mlango bega kutoka ndani. Walimtoa dirishani, kanzu imepanda kichwani, na nadhani siku ile watu waliona sehemu za kanisa ambazo hazionyeshwi.

Mti wa shamba lako unaudanganya moyo, vijana. Mbao za dukani unazikagua, unazinusa, unamtukana muuzaji. Mti wako mwenyewe unausamehe kila kitu, kwa kuwa unasema ni wa bure. Ndipo anapokuja Melkiori.

Melkiori alikuwa mtu wa Butihinda, kule Muyinga karibu na mpaka, amekulia Tanzania kama mimi. Alikuja Gitega kututafuta kwa sababu mti wake ulikuwa mkubwa kuliko misumeno ya kwao. Mkaratusi. Baba yake aliupanda mwaka aliooa, kisha wakakimbia, mti ukabaki peke yake kukua. Waliporudi walikubaliana na jirani aliyekuwa akililima lile shamba, wakagawana, na mti ukaangukia upande wao. Watu wa kule walituambia waliuacha miaka yote ile kwa heshima ya wenyewe. Mimi niliuona ule mti. Waliuacha kwa kukosa msumeno.

Melkiori alikuwa mtu wa mipango. Kila kitu alikuwa amekiona kikifanywa vizuri zaidi Tanzania. Ukichota maji, kule wanachota hivi. Ukikohoa, kule wanakohoa hivi. Sasa alikuwa anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa ajili ya mama yake, na alitaka mti wa baba uingie wote humo: paa, fremu, mlango, ikiwezekana na vijiko.

Tukaenda, msumeno umefungwa juu ya lori. Tukauangusha mkaratusi upande wa juu wa mteremko ili usianguke kwa kishindo ukapasuka. Sikilizeni hapa, maana hii hamtaiona kwenye simu: mkaratusi una hasira ndani. Ukiukata tu, vichwa vya gogo vinaanza kupasuka kama visigino vya mkulima. Pakeni samadi ya ng'ombe kwenye vichwa hivyo saa ileile, nzito, maji yasitokee huko kwa pupa. Na upasueni upesi, ukingali na maji. Ukichelewa unakuwa jiwe na meno ya msumeno mtayaokota chini. Ule moyo wa katikati utupeni jikoni. Hauna kazi nyingine isipokuwa kupinda.

Tulipokuwa tunapasua, mama yake Melkiori alikuwa anakuja kukaa karibu. Bibi Sesiliya. Mdogo kama mfuko wa chumvi, fimbo mkononi, na mdomo ambao ungeweza kupasua gogo peke yake. Alikuwa anaishi kwenye kibanda cha jikoni cha mwanawe, akingoja nyumba.

"Wewe wa chini," aliniita siku ya kwanza. "Huyo wa juu anakulipa kwa kula vumbi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi leo utashiba."

Shabani alipomaliza kuzipanga mbao, bibi akauliza mlango wake unafungwa lini. Mbao tulikuwa tumezilaza kivulini chini ya mparachichi, juu ya mawe zisiguse ardhi, vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na mawe mazito juu ili zisipate wazo la kupinda. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Haina siri. Siri yake ni kungoja, na ndiyo maana hamuifanyi.

"Mukecuru," Shabani akamwambia, kama tunavyowaita bibi wazee kwa heshima, kofia mkononi, "mulango utapata. Lakini hii mubao ilale kwanza. Mpaka kiangazi kingine."

"Kiangazi kingine!"

"Ego, ndivyo."

"Wewe fundi, umeongea na Mungu?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya mimi kuwepo kiangazi kingine. Maana mimi hajaniambia kitu."

Melkiori akacheka peke yake. Bibi hakucheka. Akakaa juu ya mbao za chini zilizochomoza pembeni ya rundo, akapachagua pale kuwa kiti chake, akasema:

"Sikiliza, mwana wanje. Miaka yangu yote kule nililala nyuma ya shitingi, turubai la plastiki la kambini. Unajua ubaya wa shitingi?"

"Inaleta joto."

"Haibishwi hodi. Mtu akija kwako anakohoa nje, au anaingiza kichwa tu kama mbuzi. Mume wangu alifia nyuma ya shitingi. Waliokuja kumlilia waliingiza vichwa. Sasa mti wake ndio huu. Mimi nataka mlango wake. Mtu akija abishe, ngo-ngo-ngo, mimi niulize nani, na nikitaka nisimfungulie. Hicho tu. Nikishapata hicho, Mungu aje, naye abishe."

Shabani aliangalia kofia yake. Mimi nilikuwa namjua: angekuwa mwanamume mwenzake angemjibu kwa maneno ya karakana. Akasema taratibu:

"Mukecuru, nikikufanyia sasa, kiangazi kitaingia kwa mulango mbele ya wageni. Upepo itapita. Kuku itapita. Watasema, huu mulango alifanya nani? Watasema Shabani wa Gitega."

"Kumbe unaogopa kuku," akasema bibi.

Hapo ndipo ilipokwama. Ubao unataka mwaka, bibi hana mwaka, na kila mmoja wao ana haki. Kwenye kazi hii mtakutana na jambo la namna hiyo, na hakuna wa kumuuliza.

Tukarudi Gitega kumalizia kazi nyingine, tukaahidi kurudi kabla ya mvua ili kupandisha paa. Paa halina shida, miti yake unaweza kuipigilia ikiwa na maji kidogo, mzigo wa mategura, vigae vya udongo, unaikalia juu na kuinyoosha. Tukamwachia Melkiori neno moja tu: usizisogeze zile mbao. Neno moja! Kama ungemwachia mbuzi neno moja kuhusu mahindi, lingekaa zaidi.

Tuliporudi, nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Ile ya viatu vya baba mdogo. Tanuri la matofali lilikuwa limemalizika kuchomwa, bado linafuka joto, na juu yake, zimepangwa vizuri, kwa mstari, kwa upendo kabisa, mbao za mlango. Zimekunjika kama majani makavu ya migomba. Nyingine zimepasuka kuanzia kichwa hadi mguu. Moja ilikuwa imejizungusha mpaka ungeweza kuifanya ngazi ya duara.

Melkiori akaja anatabasamu.

"Fundi, nimekusaidia. Zimekauka."

Shabani akaichukua ile iliyojizungusha, akaiegemeza shavuni.

"Mi naona imekauka," akasema.

"Si nilikwambia! Mimi nimekausha tumbaku tangu nina meno ya utoto. Jani linaingia kwenye bani, banda la kukaushia, lina maji, unatia moto polepole, linatoka dhahabu."

"Na hii iko tumbaku?"

"Hapana, ila..."

"Donc utaivuta?"

Hapo nawaomba mnisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni makosa ya mtu aliyekulia kule kwenye mashamba ya tumbaku, hakuna mwingine duniani ambaye angeyafikiria. Mtu wa hapa angeziiba mbao, au angezichomea pombe. Kuzipika kwa nia njema, hiyo ni elimu ya ng'ambo.

Bibi Sesiliya alikuwa amekaa palepale chini ya mparachichi. Rundo lote limeondoka, zimebaki zile alizozikalia.

"Hizi alishindwa kuzichukua," akasema. "Nilikataa kuinuka."

Zilitosha mlango mmoja, kwa kubana. Na zilikuwa mbichi kuliko zote, maana zilikuwa chini kabisa, karibu na unyevu wa ardhi, na bibi amezifunika kwa nguo zake toka asubuhi hadi jioni.

Melkiori, ambaye hakuishiwa mipango hata siku moja, akasema atanunua mlango wa chuma Muyinga mjini.

"Hicho chuma kilipandwa na nani?" akauliza mama yake.

Ikaishia hapo. Tukapandisha paa kwa miti yake, ambayo haikupikwa. Majirani walikuja kwa ikibiri, kila mtu na mikono yake, na urwarwa ukatolewa baada ya tegura la mwisho. Baada, vijana. Mkitoa pombe kabla ya paa, mtapata paa la walevi, na walevi watapata mguu uliovunjika. Shabani yeye alikunywa Fanta yake pembeni, akakagua kila msumari. Mlango ukabaki tundu. Alishasema: kiangazi kingine.

Jioni ileile bibi akahamisha mkeka wake ndani ya nyumba. Mwanawe akamsihi, akakataa. Mvua ikapiga usiku kucha.

Asubuhi Shabani akaniambia twende tukamuage, tupande gari. Tukafika mlangoni, yaani pale ambapo mlango ungekuwa. Bibi alikuwa ametundika shitingi. Shitingi ileile ya kambini, amekuja nayo toka Tanzania, imechakaa mpaka imekuwa laini kama kitambaa, ameifunga kwa misumari yetu aliyookota chini.

"Hodi, mukecuru," akasema Shabani.

"Nani huyo?" sauti kutoka ndani.

"Mi. Shabani."

"Bisha vizuri, kama mtu."

Shabani akainua mkono. Nilimwona kwa macho yangu: ngumi imekunjwa, imekaa hewani mbele ya ile shitingi inayopepea, haina pa kupiga. Akaishusha. Akatafuta kwenye ukuta, tofali bado lina udongo mbichi. Mwishowe, masikini, akakohoa.

Ndani bibi akacheka, kicheko kikavu, cha muda mrefu.

"Si nilikwambia? Anakohoa kama wote."

Shabani akageuka, akaenda chini ya mparachichi, akachukua ubao wa kwanza akauweka shavuni. Wa pili. Akazipima zote, ingawa alijua, na mimi nilijua, na hata yule mparachichi alijua.

"Leta misumari," akaniambia.

"Fundi, hizi mbichi."

"We unafikiri shavu yangu imekufa?"

Nikaleta.

Sasa andikeni hapa kama mna kalamu. Ikikulazimu kufanya mlango wa ubao mbichi, usizibananishe mbao kifua kwa kifua. Zipandane, huu ukalie mwenzake ukingoni kama mategura, zikisinyaa zisionyeshe mwanga upesi. Ubao mmoja, msumari mmoja katikati kwa kila mkanda wa nyuma, ule ubao wa kulala unaozishika pamoja, basi. Ukiupiga misumari pande zote mbili unaufunga mikono, nao utajipasua ili utoke. Uuache upumue. Na mkanda wa mshazari uuanzie chini upande wa bawaba, usiuanzie juu, la sivyo mlango utainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa. Shabani alifanya hayo yote. Alipiga randa polepole, ubao mbichi unatoa utepe mrefu wenye maji, unanukia dawa ya kikohozi. Melkiori alikuja kusema kule Tanzania wanapiga misumari pande zote mbili. Shabani akamwangalia tu. Melkiori akakumbuka ana kazi shambani.

Mlango ule bado upo, na nimeuona mwaka huu. Umesinyaa, umeachia mwanga sehemu mbili, upande wa chini umepinda kidogo kama mtu anayejifanya hakusikii. Kuku mdogo anaweza kupita akikusudia. Na bibi Sesiliya, yule ambaye Mungu alikuwa hajamwambia kitu kuhusu kiangazi kingine, alivipitisha viangazi vingi, kimoja baada ya kingine, kwa afya ya kuudhi. Mbao zake zingekauka, zikalowa, zikakauka tena, tungemfanyia milango ya kutosha kanisa. Kila nikipita alikuwa ananiambia kupitia ule mwanga: "Wa chini! Mwambie fundi wako upepo unaingia." Alifariki kitandani, mlango umefungwa, na waliokuja kumlilia walibisha.

Lakini siku ile ya kwanza ulikuwa umekaa sawasawa. Tuliutundika alasiri, mvua nyembamba inanyesha. Bawaba zikalia kidogo. Bibi akaitoa ile shitingi mwenyewe, akaikunja, akaiweka kichwani kama kilemba, akaingia ndani. Akaufunga. Pah! Majirani wakashangilia kama vile amezaa.

"Haya, yemwe!" sauti ikatoka ndani. "Bisheni sasa! Mmoja mmoja!"

Melkiori akatangulia. Ngo-ngo-ngo.

"Nani?"

"Mimi, mama. Melkiori."

"Melkiori yupi? Wa tumbaku?"

"Ndiyo, mama."

"Subiri kidogo nifikiri."

Akamwacha kwenye mvua, watu wanajishika mbavu. Wakabisha majirani. Nikabisha mimi, nikaulizwa kama nimeleta vumbi langu. Kila mtu akawa anaulizwa nani, anatukanwa, anafunguliwa, anarudishwa nje, mlango unafungwa tena, anafuata mwingine. Sijawahi kuona mlango ukifanyishwa kazi namna ile siku yake ya kwanza.

Shabani alikuwa kwenye benchi letu chini ya mparachichi. Akafuta mikono. Akaichukua randa yake, ile ya baba yake, akaipangusa kwa shati, akailaza benchini upande wangu, mpini umeelekea kwangu. Nikadhani anajiandaa kusali. Akavaa kofia, akachukua mkeka wake wa kusalia tu, akaja mlangoni, watu wakampisha wakipiga makofi: fundi, fundi!

Akabisha. Si kwa ngumi, kwa kifundo cha kidole kimoja, taratibu, karibu na msumari wa kwanza aliopiga.

"Nani?" bibi akauliza, na sauti yake ilikuwa imejiandaa; alikuwa amemwekea matusi mazuri kuliko ya wote.

Shabani akaegemeza shavu mlangoni. Akafumba macho, muda mfupi, kama nilivyomwona akifanya kwa mbao zote za maisha yake. Kisha akaliondoa shavu, akaweka kofia sawa, akageuka, akapita katikati yetu, akashuka kati ya migomba kuelekea barabara ya Muyinga. Tukamwona kofia tu, ikawa ndogo, ikaingia kwenye mvua. Msumeno hakuufuata, randa hakuifuata, wala useremala. Wanaotaka godoro zuri hapa Gitega wanajua duka lake liko wapi.

"Nimeuliza ni nani!" bibi akaita kutoka ndani, kwa furaha, akagonga sakafu kwa fimbo. Na sisi tuliobaki nje na mvua yetu tukaangaliana, kila mtu anangoja mwenzake ajibu.